Pointi za Kadi Mpaka KIA: Usihamishe Kabla Hujaangalia Hii!

Mambo vipi wana Chuga, wana Moshi, na nyie mlioko majuu mnaotuangalia usiku wa manane! Karibuni tena. Leo sina simu mkononi, sina spika, wala ile pawabenki mliyonisumbua nayo kwenye komenti. Leo nachambua kitu kisichoshikika: pointi. Zile pointi ndugu zetu wa Marekani wanazopata wakilipia vitu kwa kadi ya mkopo, halafu wanazigeuza kuwa tiketi ya ndege ya kuja kutua KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiseme nimekuzungusha: kitu ni kizuri, jamani, kizuri kweli. Kina sehemu moja tu ya kukutoa machozi, na hapo ndipo nitakapoweka kambi.

Namna ya kuomba kadi, bonasi ya kuanzia, sijui historia yako ya mikopo, hayo nyie mlioko huko mnayajua kuliko mimi ninayekaa Njiro. Nasema moja napita. Riba ya kadi hizo kwa kawaida inazidi asilimia 20 kwa mwaka. Kama hulipi deni lote kila mwezi, zima video hii. Hapana, usizime, tazama mpaka mwisho, ila kadi usichukue. Kausha damu tunaijua, na ya kulipwa kwa dola itakuwa na meno zaidi.

Haya, tazama skrini. Una pointi zako kwenye benki. Njia ya kwanza ni kuzitumia hukohuko benki. Kadi za benki ya Chase, ukichukua pesa taslimu, pointi moja inakupa senti moja. Tiketi ya dola 1,500 inameza pointi 150,000. American Express, ukizitumia kufuta deni la kadi, wanakupa senti 0.6 tu kwa pointi. Tiketi ileile sasa. Piga hesabu na mimi hapa kwenye kikokotoo... 250,000. Laki mbili na nusu! Kwa mtu mmoja, kiti cha kawaida, magoti yamegusa siti ya mbele. Hiyo njia mimi siipendi na sitaificha chuki yangu.

Njia ya pili ndiyo inayonitoa jasho la furaha. Unazihamisha pointi kwenda kwenye mpango wa maili wa shirika la ndege, maili zikiwa ni pointi za shirika lenyewe za kukatia tiketi. Chase na American Express zote zinahamisha kwenda Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, moja kwa moja: pointi 1,000 inakuwa maili 1,000. Na KLM ni nani kwetu? Si ndiyo ile inayotoka Amsterdam inatua KIA, inashusha wageni wa mlimani, kisha inaendelea Dar! Kwa mtu wa Moshi au Arusha, ukiniuliza mpango wa kuanza nao, naanza na huo.

Sasa kuna dada mmoja mtazamaji wetu, mtu wa Machame, anaishi Minnesota. Anataka kumleta mama yake amwone mjukuu. Ameniuliza: pointi ni zangu, anayesafiri ni mama, inawezekana? Inawezekana, dada. Pointi zinahamia kwenye akaunti yako wewe ya Flying Blue, kisha unakata tiketi kwa jina la mama, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama pasipoti imeandika majina matatu, usilete ubunifu. Mama mwenyewe hahitaji kadi, hahitaji akaunti, anahitaji viza ya Marekani. Na hiyo, naomba msinitumie meseji, sina msaada nayo.

Natafuta hapa mbele yenu. Usiandike KIA, andika JRO, ndizo herufi za uwanja wetu kwenye mifumo ya ndege. JRO kwenda Minneapolis, abiria mmoja. Inakuja: KLM mpaka Amsterdam, halafu Delta, shirika la Marekani, mpaka Minneapolis, hukohuko Minnesota. Mizigo ya mama anaionea Minneapolis. Safi kabisa. Nabadilisha tarehe, bei ya maili inapanda. Nabadilisha tena, inashuka. Unaona inavyocheza? Flying Blue hawana bei moja iliyobandikwa ukutani, inakwenda na siku na mahitaji. Kila mwezi wanatoa punguzo kwenye safari fulani, wanaliita Promo Rewards, kwa hiyo usiangalie mara moja ukakata tamaa.

Sasa polepole. Sogea karibu na simu yako.

Ukiona kiti kwenye skrini, USIHAMISHE POINTI. Narudia, shangazi, usihamishe! Kwa sababu kuna kitu mimi nakiita kiti hewa. Nchi hii tumewahi kuhangaika na wafanyakazi hewa, sasa kwenye ndege kuna viti hewa. Unakiona, kina tarehe, kina saa, kina bei. Unahamisha pointi zako kwa raha zote, unarudi kubonyeza, mfumo unakwambia samahani, hakipatikani. Hakikuwepo tangu mwanzo! Kilikuwa picha. Hasa vile viti vya shirika mshirika, pale mpango mmoja unapouza kiti cha ndege ya mwenzake na mifumo yao miwili haijasalimiana.

Na pointi zikishatoka benki kwenda kwenye shirika, hazirudi. Hakuna kitufe cha kurudisha, wala meneja wa kumpigia magoti. Zimeshakuwa maili, na maili za Flying Blue zikikaa miaka miwili bila wewe kupata maili mpya, zinaweza kufa zote. Hapo ndipo ninapochukia. Mtu amelimbikiza pointi kwa kulipia petroli na nepi za mtoto, halafu zinakwama sehemu ambayo hazina kazi.

Fanya hivi. Kiti kimeonekana, kitafute na kwenye tovuti ya shirika lingine la kundi lilelile, maana mashirika ya ndege yana makundi ya kuuziana viti. Mfano kiti cha Ethiopian: umekiona Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, kiangalie na kwa shirika la United, maana wote ni kundi la Star Alliance. Kikionekana kote kuwili, moyo unatulia kidogo. Kisha lipigie simu shirika unalotaka kulihamishia pointi, mpe mhudumu namba ya ndege, tarehe na idadi ya abiria, mwambie akiangalie kwenye mfumo wake. Akisema kipo, hamisha hukohuko ukiwa kwenye simu. Chase kwenda Flying Blue kwa kawaida zinafika muda uleule. Kuna kadi na mashirika mengine yanachukua siku, na kiti hakikusubiri.

Nimetaja Ethiopian, niwape haki yao. Kama uko Washington, Chicago au Atlanta, unapanda ndege yao mpaka Addis, unaunganisha, uko KIA. Ukikata kwa Aeroplan hawakutwishi zile ada za mafuta za shirika. Kwenye mipango mingine, tiketi ya bure inakuja na makato ya kukufanya ujiulize bure iko wapi. Maana kodi na ada za viwanja unalipa kwa pesa yako hata uwe na pointi milioni. Niliwahi kumsaidia ndugu yangu kwenye shirika moja nisilolitaja, makato yale tulibaki tunatazamana. Qatar kupitia Doha na Turkish kupitia Istanbul nazo zinatua KIA, ila nitazifanyia video yao, leo tutakesha.

Desemba sasa. Wachagga, nawaona. Mnataka wote mle Krismasi Kibosho, Marangu, Rombo, na wote mnataka kwa pointi. Haitakaa iwe rahisi. Wiki hizo shirika linauza kiti kwa pesa bila jasho, kwa nini likupe kwa maili? Likitoa, bei imepaa. Ndege nyingi zinafungua tiketi karibu mwaka mmoja kabla, kwa hiyo Desemba inawindwa kuanzia Januari, Februari. Ukianza Oktoba, mimi sina dawa.

Au ninayo. Nairobi. Nilianza kwa kusifia KIA, najua, lakini kwa Desemba nageuka mchana kweupe. Kenya Airways wanaruka New York mpaka Nairobi bila kusimama tangu Oktoba 2018, na wako kundi la SkyTeam pamoja na KLM na Delta, kwa hiyo kiti chao unaweza kukiwinda kwa maili za Flying Blue. Mashirika yanayotua Nairobi ni mengi kuliko KIA, nafasi nazo zinaongezeka. Unashuka, unapanda shato, yaani basi dogo la abiria, unavuka mpaka Namanga, Longido, jioni unakula nyama choma Arusha. Mwenye pasipoti ya Tanzania anapita bila shida. Aliyechukua uraia wa Marekani aombe kibali cha Kenya mtandaoni kwanza, na Namanga upande wetu atoe dola 100 ya viza. Weka hiyo kwenye bajeti, usije ukalalamika foleni inasikia.

Nikitoa alama: kuhamisha kwenda Flying Blue, tisa kwa kumi. Kutumia pointi hukohuko benki, tatu, na hiyo tatu ni kwa urahisi wa kubonyeza. Viti hewa, sifuri. Video hii haijalipiwa na benki wala shirika lolote, ndiyo maana maiki ni ileile inayokwaruza.

Jumamosi tuko laivu. Dada wa Machame nimemwomba aje tutafute kiti cha mama mubashara, tuone kama kipo au ni hewa. Andika kwenye komenti mji ulioko na mwezi unaotaka kuja, gonga kengele, na wewe unayeuliza kama pointi zinalipia ada ya kupanda mlima: hapana, kaka, hiyo utaleta pesa.