Mtaalamu wa mikataba ya ng'ombe wa ubia: nampa nyota nne, ila kipengele cha kifo kisomeni vizuri

Mimi nina eneo lenye nyasi na maji, mbia wangu ana ng'ombe na ndo atakaekaa nao, tukaenda kwa mtu ambae kazi yake ni kuwapangia watu ubia wa namna hii na kuwaandikia mkataba. Kwa sehemu kubwa nimeridhika sana.

Kilichonifurahisha ni kwamba haanzi na karatasi, anaanza na maswali tena mkiwa mmekaa wote wawili. Dawa ya kuogeshea ananunua nani, mchungaji analipwa na nani, uzio ukikatika je, maziwa ya kila siku yanaenda wapi, samadi ni ya nani. Hilo la samadi wengi wanalipita halafu ndo linaleta maneno, maana mwenye shamba anaitaka kwa mazao na mwenzake anaona imetoka kwa ng'ombe wake.

Sehemu aliyonifumbua macho kabisa ni mgao. Watu wamezoea kusema nusu kwa nusu basi, sasa nusu ya nini? Yeye anataka kila ng'ombe apimwe siku anaingia, avalishwe hereni yenye namba, iandikwe. Tuseme dume kaingia na kilo 180 akauzwa na kilo 300, zile 180 ni mali ya alieleta, mnachogawana ni thamani ya kilo 120 zilizoongezeka shambani. Na kupima iwe asubuhi kabla hawajanywa maji, kuingia na kutoka vilevile, kwa sababu tumbo la ng'ombe linabeba makumi ya kilo za majani na maji, ukimpima kashiba siku moja na ana njaa siku nyingine hesabu yote imeharibika. Akaweka pia ukomo wa idadi, ndama wakihesabiwa wakishaachishwa kunyonya, na hili wenye ardhi tulishikilie jamani maana ng'ombe wa kilo 400 anataka karibu kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, kundi likizaana bila ukomo malisho yanabaki vumbi.

Sasa kasoro. Rasimu ilisema ng'ombe akifa mbia alete ngozi na sikio lenye hereni kama ushahidi, bila hivyo atalipa. Kwa kuzuia wizi inaonekana sawa, ila hapana, ni hatari kubwa. Ng'ombe akifa ghafla inaweza kuwa kimeta, na mzoga wa kimeta hauchunwi wala haupasuliwi, vijidudu vikipata hewa vinajigeuza mbegu ngumu zinazokaa kwenye udongo miaka na miaka, na binadamu anaambukizwa akishika au akila. Yaani mkataba unamlazimisha mtu achune kitu kinachoweza kumuua, na shamba lichafuke juu yake! Tukamwomba abadilishe: kifo cha ghafla mzoga usiguswe, mbia apige simu siku hiyohiyo, apige picha ya namba ya hereni kwa mbali, daktari wa mifugo aje achukue sampuli na karatasi yake ndo iwe ushahidi. Alikubali bila kubisha, lakini mtu wa kazi hii alitakiwa awe nalo tangu mwanzo.

Ya pili ni mimba. Mimba ya ng'ombe inakaribia siku 283, ubia ukivunjika katikati mbia anaondoka na majike wenye mimba zilizolishwa na nyasi zako, rasimu ilikuwa kimya. Tumeandika kwamba daktari apime mimba siku ya kuachana na ndama wagawanywe kwa thamani, hata kama bado wako tumboni. Vipengele vya chanjo na ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, vilikuwa vimekaa vizuri, sina neno.

Malipo yake nusu mwanzo nusu baada ya kusaini, nimeipenda hiyo, inamfanya asikukimbie rasimu ikiwa na makosa. Kujibu meseji ni mzito kidogo, mpigie tu simu. Kwa mwenye kundi la maana mi namshauri amtumie, na rasimu ikitoka, kabla hamjasaini, mpe daktari wa mifugo aipitie hasa kile kipengele cha kifo.