Aru Shah and the End of Time: uzoefu wangu wa kukisoma na binti yangu

Kama una mtoto wa miaka 8 hadi 12 anayesoma Kiingereza bila shida, na mnaishi ugenini, mtafutie kitabu hiki cha Roshani Chokshi. Mimi na binti yangu tumekimaliza, na naandika kwa sababu wazazi wenzangu huku Georgia, Marekani, wanauliza kila mara wawasomee nini watoto, na majibu huwa ni yale yale.

Kilitoka Machi 2018, kikiwa cha kwanza kabisa cha Rick Riordan Presents, tawi la uchapishaji la Disney linalowapa nafasi waandishi wa jamii mbalimbali kusimulia hadithi za kale za kwao wenyewe. Baba yake Chokshi ni Mhindi na mama yake Mfilipino. Hadithi inaanzia Atlanta, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa Clarkston tunapoishi, na binti yangu alichangamka kuona vita vya miungu vinaanzia mjini kwao.

Aru ana miaka 12. Anaishi ndani ya jumba la makumbusho la sanaa za kale za India, ambako mama yake ndiye msimamizi, mama ambaye kazi inamsafirisha mno. Shuleni amezungukwa na watoto wa matajiri, na ili asionekane wa chini anatunga safari ambazo hajawahi kwenda na maisha ambayo hana. Likizo moja wenzake watatu wanamfuata hadi nyumbani wakiwa na simu ya kumrekodi, wanamkuta amevaa nguo za kulalia zenye picha za Spider-Man. Wanamtaka athibitishe kwamba ile taa ya mafuta iliyowekwa ukumbini kweli ina laana. Anaiwasha. Anayetoka humo ni pepo anayetaka kuukomesha wakati wenyewe, na kila mtu pale anaganda kama sanamu, mama yake pia.

Hapo binti yangu akanisimamisha. "Baba, kwani Aru akisema tu hajaenda popote kuna ubaya gani?" Sikumjibu, maana nilihisi ana jingine. Kurasa chache mbele akaniambia kwamba darasani naye alishasema tuna nyumba ya ufukweni Dar es Salaam. Nyumba yenyewe ni ya bibi yake, iko Tandika, na kutoka pale huoni bahari hata upande juu ya paa. Tulizungumza mpaka usiku ukaingia. Aliona aibu kueleza jiko la mkaa la uani na maji ya ndoo kwa watoto ambao picha zao za likizo ni za mahoteli.

Hiki ndicho kinachonifanya nikisifu. Vitabu vingi vya watoto vingemwadhibu Aru kwa uongo wake, halafu vikampa somo la adabu. Chokshi anaangalia uongo umetoka wapi. Umetoka kwenye upweke na aibu ya kuwa tofauti, na ule ubunifu uliomfanya Aru aseme uongo ndio baadaye unamwokoa anapokutana na maadui asioweza kuwashinda kwa nguvu. Mwandishi hausafishi uongo, kwa sababu taa iliwashwa na dunia iko hatarini. Ila anamchukulia mtoto kama mtu mwenye sababu zake.

Mzizi wa hadithi ni Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu wenye beti zinazokaribia laki moja. Humo wamo ndugu watano, Pandava, kila mmoja na baba yake wa mbinguni, mapacha wawili wakitokana na miungu pacha. Katika kitabu roho zao zimezaliwa upya leo, na safari hii ni wasichana. Aru ni binti wa Indra, mungu wa radi. Mwenzake, Mini, ni binti wa Yama, mungu wa mauti na haki.

Mini nilimpenda kuliko Aru. Ana damu ya Kihindi na ya Kifilipino, anaogopa vijidudu na nyuki, anajua dalili za magonjwa kama daktari. Wazazi wake walidhani shujaa wa nyumba ni kaka yake, wakamwandaa yeye. Mini akakua akijua kwamba hakuna anayemtarajia. Basi huyu mtoto mwoga ndiye anayepaswa kushuka hadi Ufalme wa Mauti, kwa baba yake. Silaha anayopewa ni kioo kidogo cha kujipodolea. Aru anapewa kijimpira. Wanazitazama zawadi zile kwa masikitiko kabisa, na hapo tulicheka sana.

Sura iliyonikaa moyoni ni ya Jumba la Mazigazi, makao ya zamani ya Pandava. Jumba lina uhai, linasema, na lina kinyongo: wenyewe waliondoka, hawakurudi, na lenyewe limebaki likingoja karne kwa karne. Linawajaribu wasichana kabla ya kuwapisha. Kwa mtu aliyeacha nyumba na wazazi nyuma, sura ile si ya watoto peke yao. Niliisoma polepole, na nikampigia mama simu kesho yake asubuhi.

Kuna ya kulalamikia pia. Mizaha ya filamu na vipindi vya Marekani imejazwa mno. Mingine mimi sikuielewa, na binti yangu mwenyewe aliruka kadhaa. Katikati mambo yanakimbia: saluni ya urembo yenye pepo, soko la usiku, baraza la majira ya mwaka, kimoja hakijatulia kingine kimeingia. Majina ni mengi. Nyuma kuna faharasa iliyoandikwa kwa uchangamfu, anzeni nayo.

Wazazi Waislamu na Wakristo wataniuliza kuhusu miungu. Sisi ni Waislamu. Nilimwambia binti yangu wazi kwamba hii ni dini hai ya watu zaidi ya bilioni moja, si ngano zilizokufa, kwa hiyo tunaisoma kwa heshima na imani yetu inabaki yetu. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Mimi ndiye niliyebaki nikiwaza: nimekulia Dar, nimepita Mtaa wa Kisutu kwenye mahekalu ya Wahindu, nimekula ladu na jalebi kila Divali, nimesoma na watoto wao darasa moja. Na kuhusu yale wanayosimuliana nyumbani sikujua kitu, zaidi ya ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Bhima na Arjuna, wawili kati ya wale Pandava, nimewajua Marekani, kwa kitabu cha mtoto.

Msichukue cha kusoma kimya tu. Toleo la sauti, linalosomwa na Soneela Nankani, linasaidia sana kwenye majina, na tulilisikiliza garini. Kwa mtoto mvivu wa kusoma lipo toleo la katuni pia. Mfululizo una vitabu vitano, cha mwisho kilitoka 2022. Cha pili, Aru Shah and the Song of Death, tumekiomba maktaba ya kaunti na kuna watu mbele yetu kwenye foleni, kwa hiyo mkianza sasa huenda tukakisoma pamoja.