Semina ya kumkosoa Papa: nauli yangu ilirudi saa ya kwanza, ukurasa wa 6 ukaniumiza

Nilitoka Tukuyu alfajiri kwa kosta, mvua ikinyesha kama kawaida yetu, nikashuka Mbeya mjini na kumalizia kwa bajaji hadi nyumba ya mafungo. Sitaitaja nyumba wala padri mwezeshaji, maana nina lalamiko. Kiingilio cha siku mbili kilikuwa shilingi 15,000 pamoja na chakula na kitini cha kurasa 12. Mimi ni katekista wa kigango. Nilikwenda kwa sababu ya vijana wangu wa kipaimara. Wakishaona mambo kwenye simu wananijia: Mwalimu, hivi kardinali au askofu anaruhusiwa kumwambia Papa kwamba amekosea?

Ukumbi una baridi kali, wali na maharage vilitosha, vyoo ni visafi. Hayo yaishie hapo.

Saa ya kwanza ilikuwa ya thamani kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Padri alianzia Antiokia, Paulo alipomkabili Kefa, yaani Petro, mbele ya watu kwa kujitenga na meza ya watu wa mataifa (Wagalatia 2). Kisha akatupeleka Avignon, mji wa Ufaransa walikokaa Mapapa zama zile, kwa Papa Yohane XXII. Mwaka 1331, siku ya Watakatifu Wote, Papa huyo alianza kuhubiri kwamba roho za wenye haki hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris wakampinga. Desemba 1334, siku moja kabla ya kufa, akaiacha rai yake, na mwaka 1336 mrithi wake Benedikto XII akatangaza rasmi mafundisho yaliyo kinyume chake.

Hapo mama mmoja wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), rozari imezungushwa kiganjani, akasimama. "Baba, mzee wangu nimemwombea misa miaka saba. Papa huyo angeniambia bado hajamwona Mungu, hata kama ameshatakaswa?" Ukumbi ulinyamaza. Padri akaweka chaki chini. Akamjibu taratibu kwamba ndiyo sababu wasomi wale hawakuweza kukaa kimya, kwani jambo liligusa kila kaburi. Akaongeza kuwa Yohane alikuwa anahubiri rai yake, hakulilazimisha Kanisa zima kuishika. Kutokosea kulikotangazwa na Mtaguso wa Vatikano wa Kwanza mwaka 1870 ni kwa pale Papa anapotangaza rasmi, kwa Kanisa lote, fundisho la imani au maadili. Mama akasema, "Asante, Baba," akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kwa jibu lile tu, nauli yangu ilikuwa imerudi.

Shida ni ukurasa wa 6. Umeandikwa kwamba makardinali "walimsahihisha rasmi Papa Fransisko". Si kweli, na kijana mwenye simu atagundua kwa dakika mbili. Mwaka 2016 makardinali wanne, Burke, Brandmüller, Caffarra na Meisner, walimpelekea maswali matano kuhusu waraka wake wa familia. Walikuwa wanauliza. Kardinali Burke alizungumzia sahihisho rasmi, lakini halikutolewa, na mwaka 2017 Meisner na Caffarra walifariki. Barua iliyojiita sahihisho ilitangazwa Septemba 2017 ikiwa na sahihi 62, za mapadri na wasomi walei wengi, na hakuna kardinali hata mmoja kati yao. Kitini kimechanganya mambo mawili yakawa moja.

Nilimfuata padri wakati wa chai, peke yake, nikamwambia, "Baba, naomba tuangalie hapa." Alisema ataangalia. Siku ya pili haikutajwa.

Na siku hiyo ya pili dakika 40 zilikwenda kwenye matangazo ya hija, huku sheria ya Kanisa ikipitiwa kwa dakika tano mwishoni. Hapo ndipo jibu la vijana wangu lilipo! Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima, kadiri ya elimu na sifa walizonazo. Kanuni ya 1404 inasema Kiti cha Kwanza, yaani Papa, hakihukumiwi na mtu. Kwa hiyo askofu anaweza kumweleza Papa, kumwandikia, hata kumsihi hadharani imani ikiwa hatarini. Kumfungulia mashtaka hawezi, na hakuna ofisi iliyo juu ya Papa ya kupokea rufaa. Mtu akisoma kanuni moja bila nyingine atapotea, kuelekea uasi au kuelekea ukimya wa woga.

Wenzangu wa Iringa na Njombe, semina ikifika kwenu nendeni, msikose saa ya kwanza. Bebeni koti zito na kalamu. Waandaaji, nawaomba kwa unyenyekevu mrekebishe ukurasa wa 6 kabla hamjachapa nakala nyingine. Mimi nakala yangu nimeshaiandika pembeni kwa wino mwekundu, na Jumamosi naanza nayo darasani.