Daluga za mkongwe anayerudi uwanjani: ununue zipi Dar

Ulitundika daluga miaka mingi, sasa kikundi cha WhatsApp cha mtaani kimekuita kwenye bonanza la maveterani na umeshaitikia kabla hujayauliza magoti. Haya. Kabla hujashuka soko la mitumba la Karume, fahamu kwamba viatu vya mpira siku hizi vina herufi zake kwenye boksi, na wakati mwingine kwenye lebo au soli: TF (nyasi bandia fupi na ardhi ngumu), AG (nyasi bandia), FG (nyasi halisi, ardhi kavu), SG (ardhi laini ya matope). Herufi hizo zina uzito kuliko rangi, na kuliko jina la staa aliyevitangaza. Nimezipanga kwa mtu aliyevuka arobaini na anayetaka kuamka Jumatatu akaenda kazini kwa miguu yake.

Namba moja: TF, mtumba wa daraja la kwanza

Hivi ni vile vya vimeno vidogo vingi vya mpira, soli nzima. Vijana watakucheka. Waache. Kiwanja chetu cha mtaani kiangazi ni udongo uliokauka wenye changarawe, na daluga la meno marefu hapo linasimama juu ya ncha tu. Kila jino unalisikia kwenye unyayo. TF nyingi zina sponji kati ya soli na mguu, na kisigino kimeinuka kidogo. Huko kuinuka ndiko kunakoupa nafuu ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ambao umri huufanya mkavu na ambao wakongwe wengi huuchana kwenye mbio za kwanza kabisa baada ya kurudi. TF unaingia nazo pia kwenye viwanja vya nyasi bandia vya kukodi kwa saa. Udhaifu wake ni masika: nyasi za kweli zikilowa, utateleza. Mwezi wa nne kaa golini.

Namba mbili: AG

Meno mafupi, ya duara, mengi kuliko ya FG. Yametengenezwa kwa nyasi bandia, ila na ardhi ngumu yanaivumilia vizuri. Kama timu yenu inacheza zaidi viwanja kama kile cha Kidongo Chekundu, zipandishe hadi namba moja. Shida ni kuzipata. Kwenye mitumba hazionekani mara kwa mara.

Namba tatu: FG ya ngozi

Hapa najua moyo wako umelala. Copa Mundial ya adidas imekuwepo tangu 1979, nyeusi, kwa miaka mingi ya ngozi ya kangaroo, meno 12 ya duara. Ngozi hujinyoosha kufuata mguu, na mguu wa mkongwe ni mpana kuliko alivyouacha. Ukiikuta Puma King, angalia ni ya lini, maana tangu 2023 Puma wameiacha ngozi ya kangaroo na kutumia malighafi ya kutengenezwa. FG ni kiatu kizuri, lakini cha nyasi halisi. Ukikivaa kwenye nyasi bandia meno yananasa, mwili unageuka, goti linabaki. Yale ya meno bapa kama visu ndiyo yanayonasa vibaya zaidi, usiyaguse.

Namba nne: mpya za bei ya chini, Kariakoo

Zinang'aa, soli kama bakuli la plastiki, gundi ya kubahatisha. Kama mfuko umekubana, nunua, kisha zipeleke moja kwa moja kwa fundi azishone soli kuzunguka kwa uzi mnene kabla hujazichezea.

SG, zenye meno ya chuma, ni za matope ya Ulaya. Mwachie muuzaji.

Na zile zako za zamani zilizoko stoo? Soli za baadhi ya viatu hivi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa huila taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa tu. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar, ukizivaa soli inaweza kumegeka kipande kipande dakika ya kumi. Ugonjwa huohuo unao mtumba, kwa hiyo pale mezani usiangalie uso wa kiatu, kigeuze. Kikunje: kinatakiwa kijipinde penye vidole, si katikati ya unyayo. Bonyeza soli kwa kucha. Ikitoa unga au ikiacha shimo, rudisha. Vuta ncha ya mbele uone kama gundi inafumuka. Toa soli ya ndani unuse; harufu ya uvundo ina maana kimekaa na maji.

Saizi usiamini kumbukumbu. Pima mguu jioni, ukiwa umevaa soksi za mpira, kwa sentimita. Lebo ya adidas ina namba ya J (saizi ya Japani) iliyo katika milimita: UK 8 husomeka 265. Hiyo haikuchanganyi kama UK na US.

Bei siandiki, inategemea robota lilivyofunguka na ulivyovaa siku hiyo. Usiende na tai. Bakiza hela ya vilinda ugoko, maana vipo kwenye sheria za mchezo, na bonanza lina watu wasiopima miguu. Ukikosa TF ya saizi yako, mwachie muuzaji namba ya simu na sentimita zako, akifungua mzigo mwingine atakupigia.