Uzoefu wangu na pikipiki mpya iliyokuwa inazima kwenye mataa

Pikipiki hii niliinunua mpya kabisa Kariakoo mwezi wa pili mwaka huu, cc 125, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), shilingi milioni 2 na laki 8 taslimu. Kabla ya hapo nilibeba samaki kwa pikipiki ya mkataba miezi 14, hesabu ya watu kila jioni. Kwa hiyo siku ile natoka nayo dukani, kiti bado kina nailoni, nilijiona mtu. Naandika haya kwa sababu miezi miwili ya mwanzo ilinitesa kweli, na kwa sababu nimeshakutana na wenzangu watatu hapa mjini wenye tatizo hilihili, wanaambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi.

Saa kumi na moja alfajiri nakuwa Feri, soko la samaki la Dar. Nachukua changu, kolekole, siku nyingine nguru, napanga kwenye deli na barafu, kisha naanza kugawa: Upanga, Namanga, Morocco, namalizia Mikocheni. Ikifika saa tatu bado niko njiani, barafu imeshakuwa maji na mama wa mgahawa ananipigia simu. Pikipiki ikizima mara moja si neno. Ikizima mara 6 kati ya Feri na Mikocheni, siku imeharibika.

Wiki ya kwanza haikunisumbua. Ilianza kwenye kilomita 200 hivi. Asubuhi inawaka kwa stata bila shida, nikiwa kwenye mwendo wa 50 au 60 inavuta vizuri, haikohoi, haimisi. Nikifika mataa ya Salenda naachia mafuta, nakamata klachi, mlio unashuka, unayumba kama koroboi kwenye upepo, kisha kimya. Nabonyeza stata, inawaka. Sekunde kumi, inazima tena. Na kadiri injini inavyopata moto ndivyo inavyozidi. Siku moja pale Morocco taa ikawa kijani, daladala lililokuwa nyuma yangu likaondoka, mimi ndiyo kwanza napapasa stata. Dereva alikwepa, kioo chake kikagonga deli. Mwenye gari akizimikiwa kwenye mataa atapigiwa honi tu. Sisi wa magurudumu mawili tunagongwa. Tangu siku hiyo nikawa nasimama kwenye mataa huku navuta mafuta kidogo kidogo muda wote isije ikalala, mkono unauma mpaka jioni.

Nikairudisha dukani. Kijana wa ufundi alinipokea vizuri, tena kwa heshima: "Karibu kaka, hilo dogo." Akachukua bisibisi, akaipenyeza ubavuni mwa kabureta, akakaza skrubu ya sailensi nusu mzunguko. Mlio ukapanda. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Kwa asiyezoea lugha ya gereji, sailensi ni ule mngurumo wa injini ukiwa umeachia mafuta kabisa, injini inajiendesha yenyewe. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka mizunguko 1,400 kwa dakika, ikizidi au kupungua iwe ndani ya 100. Dashibodi yangu haina geji ya mizunguko, kwa hiyo fundi anasikiliza kwa sikio.

Ile nusu mzunguko ilininunulia siku tatu. Siku ya nne, joto la Dar la mwezi wa tatu mnalijua, niko kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, naachia mafuta na injini haishuki. Inalia juu kana kwamba nimeshikilia mkono. Nikiingiza gia ya kwanza inaruka kwa kishindo. Nikiachia mafuta ili inipunguzie mwendo, inaendelea kunisukuma mbele kuelekea tairi la mtu. Halafu baada ya nusu dakika ya makelele inaporomoka ghafla na kuzima vilevile. Na mafuta yakawa yanaisha mapema kuliko mwanzo. Yaani ugonjwa ulikuwa palepale, juu yake nikawa nimeongezewa mwingine.

Safari ya pili dukani wakabadilisha plagi wakaniambia, "Hii ni mafuta machafu, hama sheli." Safari ya tatu ndiyo iliyoniumiza zaidi: "Bado mpya hiyo kaka, itazoea." Ni kweli injini mpya inazoeshwa. Pete za pistoni na ukuta wa silinda vinahitaji muda wa kukaliana, ndiyo maana tunaambiwa kilomita za mwanzo usiibamize. Lakini kitu kilicholegea hakikazi chenyewe kwa kuzoea. Kadiri unavyoendesha ndivyo kinavyolegea. Neno "itazoea" linampa fundi nafasi ya kurudi kwenye kiti chake, na mteja anarudi barabarani na kitu kinachoweza kumuua.

Hilo la mafuta machafu nililipima mwenyewe nyumbani. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Nikafunga koki ya mafuta, nikaweka glasi chini, nikailegeza, petroli ikashuka kidogo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yamo yanajitenga na kukaa chini ya glasi kama matone ya mafuta ya kula kwenye mchuzi, ila huku yanazama. Nilikaa nayo juani robo saa. Safi, hakuna tone wala uchafu. Nilifungua pia mfuniko wa tangi injini ikiwa inaunguruma, nione kama tundu la hewa la mfuniko limeziba na mafuta hayashuki. Haikubadilika chochote. (Haya fanyeni nje, mbali na jiko na sigara. Petroli si kitu cha kuchezea uani kwenye majiko ya mkaa.)

Kitu kilichoniamsha nilikigundua kwa bahati. Asubuhi moja nilisahau kurudisha choki, nikafika mataa ya Kamata ikiwa nusu imevutwa. Injini ikatulia. Nikairudisha choki chini, ikazima. Nikaivuta nusu, ikatulia tena. Nilirudia mara tatu kabla taa haijaruhusu. Choki kazi yake ni kuifanya injini inywe petroli nyingi na hewa kidogo. Sasa kama injini iliyoshapata moto inaomba choki, maana yake ina hewa nyingi kuliko petroli.

Jioni hiyo nikampelekea fundi mmoja mzee pale Temeke, mtaa wa tatu kutoka kwangu, ambaye vijana wa kijiweni wote wanamsifu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inafanyaje?"

Nikamweleza yote, na habari ya choki nikamweleza. Nilichompendea, hakugusa bisibisi. Alifungua plagi kwanza, akaigeuza mwangani akanionyesha. Ile ncha inayotakiwa iwe na rangi ya kahawia, kama biskuti, ilikuwa nyeupe kama chaki. "Hii inakula hewa," akasema. "Tutafute inapoila."

Akamtuma kijana wake kwa kinyozi wa jirani akaazime ile chupa ya kupulizia maji, akatia maji na sabuni kidogo. Pikipiki ikiwa imewashwa, akaniambia ninyamaze nisikilize, akapuliza kidogo tu pale kabureta inapoungana na injini. Mlio ukabadilika. Ulishuka, ukatulia sekunde mbili tatu, ukarudi kuyumba. Akapuliza tena, ukatulia tena. Maji yalikuwa yanaziba ufa kwa muda. Sijawahi kufurahia sauti kama nilivyoifurahia ile.

Tukaizima, tukaiacha ipoe, akafungua. Kabureta imeshikwa na bolti mbili. Moja ilifunguka kwa vidole. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cheusi cha kuzuia joto, na ndani yake oringi, ule mpira mwembamba wa duara. Aliutoa kwa ncha ya kucha na kuniwekea kiganjani. Upande mmoja ulikuwa umebanwa vibaya siku ya kufunga, umetoka nje ya mfereji wake, umekatika mpaka karibu nusu, umekuwa bapa na wenye kung'aa kama kipande cha nailoni iliyoungua. Pikipiki hizi nyingi zinaingia nchini zikiwa kwenye makasha, vipande vipande, zinaungwa hapahapa. Aliyeifunga yangu alikuwa na haraka.

Niliuliza swali ambalo nadhani na wewe unajiuliza: kama inavuta hewa, mbona kwenye mwendo wa 60 haisumbui? Mzee akaniinulia jeti ndogo ya kabureta, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, kwenye mwanga wa jua. Tundu lake unaliona kwa shida, kama la sindano. Ukiachia mafuta, mlango mkubwa wa kabureta unafunga, na injini inaishi kwa petroli inayopita kwenye kitundu hicho tu. Hapo hata hewa ya wizi nyembamba kama uzi inaharibu mchanganyiko wote. Ukivuta mafuta, mlango mkubwa unafunguka, hewa na petroli vinaingia kwa wingi, na wizi ule hauonekani tena. Ndiyo maana ukiipeleka kwa fundi akaendesha mzunguko mmoja wa mtaa, anarudi anakwambia mbona nzima.

Oringi mpya shilingi 1,000. Aliifunga, akakaza bolti zote mbili kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili kabureta isipinde. Injini ikatulia. Nilitaka kulipa niondoke, akanizuia. Pikipiki ilikuwa na kilomita 900 na valvu, vile vilango vya injini vya kuingizia hewa na kutolea moshi, hazijawahi kupimwa. "Iache ilale hapa. Valvu hazipimwi na moto."

Asubuhi nilimkuta ameshafungua kifuniko. Kitabu kinataka mwanya wa 0.08 mm, injini ikiwa baridi. Ya kuingizia hewa ilikuwa sawa. Ya kutolea moshi fila ya 0.08, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, haikupita kabisa. Hii ndiyo iliyokuwa inafanya tatizo lizidi pikipiki ikipata moto. Kwenye injini mpya valvu zinajikalisha kwenye viti vyake, mwanya unapungua, na joto likipanda valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, injini inakosa nguvu ya kujishikilia kwenye sailensi. Alirekebisha mwanya, akaupima upya, akaifunga, akanituma niizungushe dakika kumi mpaka ipate moto, ndipo akashika bisibisi kwa mara ya kwanza na kuirudisha skrubu ya sailensi chini ilikotoka. Ufundi wote, siku mbili, shilingi 15,000.

Oringi iliyokatika niliiweka kwenye kimfuko nikaipeleka dukani. Karatasi ya dhamana inasema ukifungua kwa fundi wa nje dhamana imekufa, na nilijiandaa kwa ugomvi. Msimamizi wao aliitazama muda mrefu, akamwita yule kijana akamwonyesha, akanirudishia 16,000 zangu na kusema dhamana inaendelea. Kwa hilo nawashukuru. Lakini safari tatu walinirudisha barabarani na pikipiki mbovu, na hilo siwezi kulifuta.

Kwa hiyo pikipiki yenyewe naipa 4 kati ya 5. Inakula mafuta kidogo, fremu imara, inabeba deli lililojaa bila kulalamika. Nimeikata moja kwa kioo cha nyuma kinacholegea kila wiki. Huduma ya duka naipa 2. Ukinunua, usitoke hapo bila kuwaomba wakaze bolti za kabureta mbele ya macho yako, na ile sevisi ya kwanza dai upimwe mwanya wa valvu, usikubali kumwagiwa oili na kupigiwa picha ya kilomita tu. Na ukisikia fundi anapandisha sailensi kabla hajatazama plagi, mwombe aache. Kama yako ni ya injeksheni, yaani isiyo na kabureta, petroli inapulizwa kwa mfumo wa umeme, mengi ya hapa hayakuhusu. Angalia kwanza taa ya injini kwenye dashibodi, na usimruhusu mtu azungushe skrubu yoyote kwa kubahatisha.

Sasa ina kilomita 3,400. Mataa ya Salenda nasimama mikono yote miwili juu ya mapaja, injini inahesabu yenyewe. Mzee anataka niirudishe ikifika 4,000 apime valvu tena, ikiwa imelala usiku kucha bila kuwashwa, kwa hiyo siku hiyo nitaisukuma kwa mkono kutoka nyumbani mpaka kwake.