Kitambua joto cha kimakanika kwenye visanduku vya glavu: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: kama unatafuta kitambua moto cha kukaa ndani ya kisanduku cha glavu (kisanduku kilichozibwa, ambamo vitu vya mionzi hushikwa kwa glavu zilizofungwa ukutani mwake) au chumba cha zege chenye mionzi mikali, chukua cha joto cha kimakanika, kile chenye umbo la kijiti cha chuma kisichoshika kutu. Mimi ni fundi wa mifumo ya kengele za moto, navifunga na kuvipima, na bado naviamini licha ya kero zake.

Uzuri wake ni kwamba ndani hamna elektroniki. Ganda la nje hutanuka upesi likipata joto. Ndani mna vipande vya metali ya aina nyingine, inayotanuka kidogo kuliko ganda, vimebeba migusano ya umeme. Joto likipanda kwa kasi, ganda hutangulia na migusano hukutana mapema. Likipanda taratibu, vyote hutanuka pamoja na kengele hulia kwenye kiwango kilichopangwa. Chetu kimepangwa nyuzi 88 za Selisiasi. Mionzi ya gama haipati cha kuharibu hapo, isipokuwa vihami vya plastiki kwenye nyaya, kwa hiyo agiza kebo ya kihami cha madini na usikubali kubembelezwa na bei ya ile nyingine.

Vitambua moshi vya dukani sahau. Vile vyenye amerisiamu-241, elementi ya mionzi, hupima mkondo mdogo mno wa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Gama ya chumbani huongeza ayoni zake na kipimo chote huparaganyika. Vya mwanga, taa na jicho lake hufifia kwa kupigwa na mionzi. Vya kuona mwali kwa miale ya urujuanimno ndivyo vinavyochekesha: neli yake huitikia gama yenyewe, ukakimbizana na moto usiokuwepo.

Sasa kero. Kitambua joto husubiri joto, na joto lisipokifikia kimya kinatawala. Kwenye kiwanda cha silaha za nyuklia cha Rocky Flats, Colorado, Marekani, tarehe 11 Mei 1969, plutoni, metali ya mionzi, iliwaka ndani ya visanduku vya glavu na moto ulikwisha kukua kabla ya kengele, maana nyenzo za kukinga mionzi zilikuwa zimevizuia vitambua joto visifikiwe na joto la moto huo. Kwa hiyo mahali pa kukifunga nimepabishania kuliko chapa. Juu, kwenye njia ya hewa inayotoka, bila ubao wala rafu mbele yake.

Chetu kimeingizwa kwenye kifuko chembamba cha chuma kilichochomelewa ukutani mwa kisanduku. Kikifa, unakichomoa kwa nje bila kufungua chochote, wala hakuna vumbi la plutoni linalotoka. Gharama yake ni kuchelewa: joto lipenye chuma kwanza. Nakubali ubadilishanaji huo kwa kisanduku cha glavu. Kwenye chumba kikubwa cha zege nisingeukubali.

Humo nimependa mfumo wa kunyonya hewa kwa bomba na kuinusa nje, nyuma ya ukuta. Unashtuka mapema sana, moshi ukiwa haujaonekana. Ila una madai: bomba lichukue hewa kabla ya chujio la hewa inayotoka, kwa sababu chujio humeza moshi wote, hewa irudishwe chumbani kule kule, maana shinikizo la ndani ni dogo kuliko la nje na ukiitoa kwingine feni inachanganyikiwa na paneli ya kengele inajaa hitilafu. Na bomba lenyewe, likishachafuka, ni taka ya mionzi. Wahasibu hawakulipenda hilo.

Kasoro ninayowadai wauzaji ni upimaji. Kijiti kilikuja na cheti cha kiwandani bila neno moja juu ya kukipima kikiwa mahali pake. Kwa kuwa kikipoa hujirudisha chenyewe, tunakichomoa kwenye kifuko, tunakipasha kwa kipasha joto chenye kidhibiti, tunangoja paneli iitike, kisha tunakirudisha. Muulize muuzaji wako hilo kabla ya kusaini, na umwombe akuonyeshe kwa vitendo.