TAHADHARI: Kondensa za kuzungusha za "365 pF" zinazouzwa mtandaoni

Ndugu zangu mafundi na walimu wa fizikia, kuna muuzaji anatangaza kondensa (kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya kutafutia stesheni za redio. Pichani ni ile kubwa ya zamani, yenye mabati ya alumini yanayoingiliana, imewekwa juu ya kitambaa chekundu. Ameandika "365 pF, mpya" (pF ni pikofaradi, kipimo cha uwezo wa kondensa). Ukishatuma pesa, kinachokuja na basi ni kidude cha plastiki cha 20 pF kilichong'olewa kwenye redio mbovu, miguu bado ina risasi ya zamani ya kulehemu.

Niliagiza kwa ajili ya wanafunzi wangu wanaounda redio ya diodi isiyotumia betri. Koili yetu, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, ni ya mikrohenri 250 hivi. Ikiunganishwa na 365 pF, redio inashuka hadi karibu kHz 530, mwanzo wa masafa ya kati. Kwa 20 pF inabaki juu kabisa, nje ya bendi. Watoto walizungusha mpaka wakachoka, kimya.

Nilipolalamika nikajibiwa: "Mmeunga vibaya, mmeiunguza, hairudishwi." Hapo ndipo anapowanasa watu, maana wengi hawana uhakika na miguu. Msikubali. Kondensa hii haina chanya wala hasi, na saketi yetu haina hata betri ya kuiunguza. Mabati yanayozunguka, yaliyoshikana na shafti, yaende kwenye waya wa ardhi. Yaliyosimama yaende upande wa koili unaopokea antena. Ukigeuza, stesheni itahama kila ukigusa shafti, lakini kondensa itabaki nzima. Zile ndogo za plastiki zenye miguu mitatu, wa katikati kwa kawaida ndio wa ardhi. Hizo zinaharibiwa na joto la pasi ya kulehemu likikawia mguuni, au skrubu ndefu inayopenya ndani na kubana mabati yake.

Kabla ya kulipa, mwambie akupimie kwa mita ya umeme na akuonyeshe kwa video. Mabati yakiingiana yote, mita isome karibu 365. Yakifunguka, ishuke sana. Kisha aweke mita kwenye mlio (hulia ncha zake zikiunganika), ashike ncha moja kwenye mabati yanayozunguka na nyingine kwenye yaliyosimama, na azungushe mwanzo hadi mwisho: ikilia popote, mabati yanagusana. Akikataa, usitume hata shilingi.

Kama umeshaletewa, usilehemu wala kukata miguu. Mita nyingi za bei ndogo hazipimi pF, kwa hiyo azima inayopima, piga picha usomaji wake kondensa ikiwa nzima, ndipo umdai pesa yako.